Sanduku la Ciru na Kamba Fupi

Niliondoka Kuresoi kwa sababu nilikuwa nimeringa kanisani. Mjukuu wangu Ciru ni injinia, na nilishatangazia akina mama kwamba ametengeneza sanduku la kuelea linalotoa stima kwa mawimbi. Mkubwa wake alikuwa anakuja kulipima ziwani Naivasha. Likiwasha balbu, Ciru anaenda nalo baharini. Likikataa, mradi unafungwa, na mimi Jumapili nitaangalia watu na macho gani?

Alfajiri nilipanda lori ya waru, viazi vyetu vya kwenda sokoni. Molo baridi, Nakuru vumbi, Gilgil nikalala.

Saa tatu na nusu tulifika Kihoto, mahali ziwa huingia nyumba za watu bila kubisha. Mkubwa alikuwa amesimama kwa nyasi kavu na jaketi la kuogelea. Maji yametulia kama uji uliopoa.

"Mawimbi yako wapi?" akamfokea Ciru.

"Boss, nilikuandikia. Upepo huku huja mchana."

"Mchana nimewekewa samaki hotelini. Nikimaliza nitapitia mara moja, basi."

Nilicheka hadi leso ikaanguka. Mtu amesoma hadi akahitaji miwani, na anaita wimbi kama anaita weita!

Saa nane upepo ukafika, yeye yuko kwa samaki. Sanduku likaruka, kamba fupi ya nanga ikalivuta chini, likameza maji. Balbu ikakonyeza, ikazima. Ciru akauma midomo.

"Nani alifunga hiyo kamba?" nikamuuliza.

"Ni boss, Shosho. Alisema fupi ndiyo salama."

"Ng'ombe dume ukimfunga kamba fupi atavunja shingo ama ang'oe mti. Mwongezee!"

"Na akirudi apate nimeigusa?"

"Na akirudi apate giza?"

Ciru akaingia mashua, akairefusha kamba. Sanduku likapanda na wimbi, likashuka nalo. Balbu ikawaka, ikakaa.

Mkubwa alirudi akichokora meno. Akaitazama kamba ndefu, akapigwa picha kando ya balbu. "Mnaona? Tulirekebisha kamba."

Tulirekebisha! Wewe ulikuwa unarekebisha samaki. Ciru akanikanyaga mguu, nikameza maneno, kwa maana mkubwa alikuwa anaendelea: "Sawa, lipeleke baharini."

Jioni, tukingoja lori, Ciru akaniambia: "Shosho, huko chumvi inakula chuma. Na lile wimbi ninalolitaka ndilo litakalotaka kunivunjia sanduku."

"Ni dume tu. Unataka nguvu yake kwa shamba, hutaki pembe zake kwa tumbo. Na kamba ufunge mwenyewe."

Nyumbani nilipata stima imepotea tangu asubuhi. Jumapili nikakaa kiti cha mbele, nikawaambia nilichojifunza: soma hadi mwisho, lakini siku moja ufunge ng'ombe. Mwenyekiti wa akina mama akauliza kama stima ya Ciru itafika huku kwetu.

"Ngoja upepo," nikamwambia, "usikimbilie samaki kama boss."