Mifupa Mikavu ya Kupaka Rangi

Jumanne mvua ilitufungia kwenye duka la fotokopi hapa Tukuyu. Mbele yangu mwalimu wa shule ya Jumapili alikuwa anatoa nakala za mchoro wake: bonde la mifupa mikavu, ule unabii wa Ezekieli wa wafu kuinuka, watoto wakapake rangi. Mzee mmoja wa kanisa lake akainua karatasi moja kwa ncha za vidole kama nepi chafu.

"Mwalimu, haya hata sisi wakubwa yanatushinda. Wape watoto safina na wanyama. Hii itawatisha."

Mwalimu aliendelea kupanga karatasi zake.

"Mzee, kwetu Ikuti tunazika migombani, hatua chache kutoka jikoni. Watoto hao hao mnawapanga mstari waage maiti, kesho yake mnawatuma kukata ndizi pembeni ya kaburi. Hapo hamsemi watatishika. Leo waogope penseli yangu?"

"Na wakiuliza maswali?"

"Wameshauliza. Jumapili binti wa miaka sita, bibi yake kazikwa hapo nyumbani, kaniambia: bibi akiinuka atatukuta, au tutakuwa tumehama? Mjibu wewe, mzee, nami nitarudi kwenye safina."

Mzee akairudisha ile karatasi kwenye rundo, akainyoosha kwa kiganja.

Niko upande wa mwalimu, na atakayekasirika akasirike. Tunasema unabii ni mgumu kwa watoto, kumbe tunayakimbia maswali yao.

Mimi pia nina mama migombani. Nilimwomba mwalimu nakala moja. Akaniuliza kama nina penseli za rangi.