Kaka Amesema Majibu ya Wifi Atayafuata Mwenyewe

Admin, nifichie jina. Ukitaka sema tu ni binti wa Gongo la Mboto, sie tuko wengi huku.

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Mie nina miaka kumi na saba, nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani nasubiri matokeo. Na kazi ya kaka yangu, nusu yake naifanya mie.

Kaka ni fundi kweli wa kompyuta, msinielewe vibaya. Shida yake Kiingereza. Yeye alisoma shule ya kata, ila mie akanilipia shule ya Kiingereza tangu darasa la kwanza. Enzi hizo mama akimwambia aoe kwanza, alikuwa anajibu, "Huyu asome." Sasa ameajiriwa kwenye kampuni inayotunza mifumo ya hospitali, na maelekezo yote yanakuja kwa Kiingereza. Ananitumia, nayasoma, namrekodia sauti kwa Kiswahili. Kazini wanajua anasoma mwenyewe. Mama akiwatambia majirani, "Mwanangu ndiye anayesimamia kompyuta za hospitali," mie nainama nachambua mchicha.

Ngoja niwaeleze kwa urahisi. Kuna programu inayopokea meseji za maabara na kuzifikisha kwa daktari, kwamba damu ya fulani iko hivi. Kama kompyuta ya daktari haijafunguliwa, meseji inasubiri kwenye foleni. Programu hiyo inawekwa kwenye seva mbili, yaani zile kompyuta kuu, ili moja ikizima nyingine ishike kazi. Lakini kuna masharti ya kufuata kabla hujaipanga, na kubwa ni hili: foleni ikae kwenye diski ya pamoja ambayo seva zote mbili zinaifikia. Ukiiweka kwenye diski ya ndani ya seva moja, siku seva hiyo ikizima, majibu yaliyokuwa yanasubiri yanabaki humo humo. Ya pili inaamka haina habari nayo. Na umeme wetu mnaujua.

Wiki aliyotakiwa kuipanga, mie nilikuwa Kimbiji kwenye msiba wa shangazi, mtandao hamna. Wenzake wanamharakisha, akaona aibu kusema anasubiri. Akapanga kwa kubahatisha, foleni akaiweka kwenye diski za ndani. Niliporudi nikamsomea lile sharti, alikuwa ameshamwambia bosi kazi imekwisha.

Wakafanya majaribio, akanirushia video. Wanazima seva ya kwanza, ya pili inashika, makofi, mtu anapiga kelele, "Fundi! Leo soda kwa bosi!" Jioni tunakula nikamuuliza:

"Kaka, zile meseji zilizokuwa zinasubiri zilienda wapi?"

"Si umeona imewaka?"

"Nimeona. Nauliza zilizokuwa kwenye foleni."

"We mtoto umeajiriwa lini?"

Wifi akacheka mpaka akapaliwa. "Wifi yangu nawe, mwache mume wangu ale!"

Nikarudi kumega tonge langu. Mie hata dukani naomba chumvi kwa sauti ya chini.

Kesho yake akanifuata uani nikiwa nafua. Akachuchumaa kando ya beseni, hanitazami. "Mdogo wangu, nikisema nimekosea wataniuliza nimejuaje. Nijibu nini? Kwamba kuna binti nyumbani ananisomea? Bado niko kwenye kipindi cha kuangaliwa, hawajanithibitisha. Nikithibitishwa nitaomba hiyo diski, nitarekebisha polepole."

"Kaka, Jumatatu wanaanza kuutumia mfumo kweli. Na wifi kliniki yake ni hospitali hiyo hiyo."

Wifi ana mimba kubwa sasa. Nilidhani nikisema hivyo atashtuka. Akajibu taratibu, kama mtu aliyekwisha kulifikiria:

"Wifi yako usimhofie. Majibu yake nitayafuata mwenyewe maabara, kwa miguu."

Jamani, nguo nikaiachia ndani ya povu. Nilikuwa najipa moyo kwamba labda hajaelewa nilivyomsomea. Kumbe ameelewa vizuri sana. Na wale wengine wanaokaa kwenye benchi na kadi zao za kliniki, wa Pugu, wa Chanika, ya kwao atayafuata nani?

Nimepiga hesabu kila upande. Nikimwandikia bosi wake, hata kwa namba mpya, kaka atajua ni mie, maana hakuna mwingine anayejua. Atafukuzwa, mtoto azaliwe baba hana kazi, na ada zote zile nitakuwa nimemlipa hivyo. Nikimwambia mama, atasema mkubwa hakosolewi na mdogo, nimheshimu kaka yangu. Nikikaa kimya, kila umeme ukikatika nitakuwa nawaza ni mama wa nani daktari amemwambia, "Majibu yako bado."

Na bado ananitumia maelekezo mengine. Leo asubuhi ametuma, ameandika, "Nisomee haraka, mwalimu wangu." Nimemsomea.

Mlionizidi umri, na nyie mnaofanya kazi hospitali, naombeni mniambie pa kuanzia. Nimseme kaka yangu kwa bosi wake, au nivumilie? Msinitukane tu.

Nasikia kandambili za wifi kibarazani, anakuja kuniita tukasuke. Siku zote akikaribia mlango huu, ukurasa wenu huu naufunga mbio. Leo natuma, halafu simu naiacha hapa kwenye mkeka, wazi, akitaka asome.