Maji ya Mzazi

Wenzangu pale sokoni wakikosa wateja hutafuta ubishi, na msimu wa baridi ubishi wao ni mmoja: ipi bora, kuoga kwa ndoo au kuoga kwa shawa. Mimi nauza vitenge, kwa hiyo nakaa nao kutwa na nayasikia yote. Yupo anayesema shawa ni ya wavivu, mtu anasimama tu kama mnazi. Yupo anayeapa kwamba tangu alipoonja shawa ya maji moto kwa dada yake Dar es Salaam, ndoo haigusi tena isipokuwa siku maji yakikatika. Tunamcheka, maana mtaani kwake maji hukatika kila siku.

Zamu yangu ikifika nasema, "Beseni," halafu najifanya napanga vitenge. Wanaguna. Wananijua. Zamani mimi ndiye niliyekuwa mhubiri wa shawa, na mdomo wangu huu Mungu hakuupa breki. Wanadhani nimezeeka, au hita imeharibika. Sijawahi kuwaeleza.

Nimezaliwa Madaba, na mtu asiyejua baridi ya Madaba mwezi wa sita asinizungumzie habari za kuoga. Bafu letu lilikuwa uzio wa matete nyuma ya nyumba, jiwe bapa la kukalia, na upepo unaingia utakavyo. Mama alichemsha maji kwenye sufuria kubwa, akayachanganya ndani ya beseni, akatuita mmoja mmoja. Jamani, mama yangu kwa dodoki! Alimsugua mtu kama sufuria iliyoungulia ugali. Shingo, nyuma ya masikio, visigino, hasamehi. Ukilia anakuuliza, "Unalia nini, uchafu ni wa kwako?" Kwake yeye kuoga ni kukaa chini na kusuguliwa na mtu anayekupenda. Ukisimama ukajimwagia maji, hujaoga, umenyeshewa.

Niliapa kwamba nikipata kwangu, beseni na mimi basi.

Nikaolewa na mtumishi wa serikali, mtu wa Tanga aliyehamishiwa Songea akiwa na shuka mbili nyepesi na hajui alipokuja. Mwaka wake wa kwanza, hata kabla hatujaoana, alikuwa anaingia bafuni na ndoo, anakaa kimya muda mrefu, halafu unasikia ukelele mmoja na ametoka. Nilimcheka mpaka mbavu zikauma. Tulipofunga ndoa, rafiki zake walitulipia chumba cha hoteli, tukakuta humo lile bafu la kulala, jeupe, refu. Tukalijaza maji moto, akaingia, akalala huku amefumba macho kwa raha. Mimi nikakataa katakata. Nilale ndani ya uchafu wangu mwenyewe, kisha niseme nimeoga? Nikamwambia anaonekana kama kongoro kwenye supu. Alicheka hadi maji yakamwagika sakafuni.

Tulipojenga Ruhuwiko, hapo hapo Songea, kitu cha kwanza alichoweka kabla hata ya dari ni shawa yenye hita. Siku fundi alipoifunga niliingia nikasimama chini yake, nikaona kumbe maisha yapo. Maji yanakushukia yenyewe, ya moto, hayaishi, hakuna wa kukusugua wala wa kukuharakisha. Mume wangu aligonga mlango akauliza kama bado niko hai. Kuanzia siku ile kila aliyenisalimia alihubiriwa shawa.

Mama alipokuja kututembelea nilimwingiza nikamwonyesha kwa mbwembwe. Akaitazama ile shawa juu ukutani, akanyoosha mkono ukalowa, akaurudisha.

"Nzuri," akasema. "Na nani anakusugua mgongo?"

"Najisugua mwenyewe, mama."

"Haya," akasema, kwa ile "haya" yake ya kukunyima ushindi. Akaenda kuchemsha maji yake nje.

Ujauzito wangu wa kwanza ulipokaribia mwisho, mama alikuja tena, safari hii na mizigo. Kwetu mtoto wa kwanza hazaliwi bila mama wa binti kuja kumkanda mzazi. Asubuhi na jioni anachemsha maji na majani, anakukalisha kwenye kigoda, anachovya taulo, anakukandamiza nalo tumboni, kiunoni na mgongoni, la moto kweli, mpaka damu mbaya itoke na mifupa irudi mahali pake. Akimaliza anakufunga tumbo kwa kanga, anakupa uji wa ulezi, kisha anamwogesha mjukuu wake. Hiyo ndiyo kazi iliyomleta, na aliisubiri kwa hamu kuliko mimi nilivyousubiri uchungu.

Tulianza kugombana kabla ya wakati. Nilimwambia kunikanda atanikanda, lakini mtoto ataogea maji ya hita, safi, na mimi ndiye nitakayemwogesha.

"Wewe?" Mama akacheka. "Wewe utamwangusha. Mtoto haogeshwi na bomba, anaogeshwa na bibi yake."

"Mtoto wangu, mama."

"Na wewe wa nani?"

Mume wangu alikuwa anatusikiliza akitabasamu, hakuthubutu kuingia kati. Zilikuwa siku nzuri. Nimezikumbuka mara nyingi, na kila mara nashangaa jinsi tulivyogombania kumwogesha mtoto kana kwamba alikuwa ameshafika.

Mtoto alizaliwa asubuhi na hakulia. Nilingoja. Aliyezaa anajua ule muda mfupi wa kusubiri sauti, na wangu haukuisha. Nilisikia wakunga wakisemezana kwa haraka, kisha wakanyamaza, kisha mmoja akanishika bega akaniita dada. Nikajua. Baada ya hapo damu ilinitoka nyingi, wakahangaika na mimi, nikapotelea usingizini. Nilipopata akili sawasawa ilikuwa siku ya pili, na mume wangu alikuwa amekaa kando ya kitanda, macho yamemvimba. Akaniambia alikuwa msichana. Akaniambia wamemzika jana jioni, yeye na mama na majirani wachache, maana walionelea nisimwone, nisije nikaumia zaidi.

Mimi mwenye mdomo sikuuliza hata alikuwaje. Niliogopa jibu, na niliogopa kwamba pengine hakuna aliyemtazama vizuri hata aweze kunijibu.

Niliporudishwa nyumbani watu walikuja kunipa pole. Nawashukuru, walikuja na unga na maharage, lakini maneno yao, Mungu anisamehe. Bado kijana, utapata mwingine. Maji yakimwagika hayazoleki. Mungu kampenda zaidi. Kampenda zaidi kuliko nani? Kuliko mimi? Niligeukia ukutani. Hakuna aliyemtaja kama mtu. Walimzungumzia kama chungu nilichokidondosha njiani kutoka kisimani.

Kesho yake asubuhi nikasikia harufu ya majani ya mpera yanachemka. Mama akaingia chumbani amejifunga kanga kiunoni, taulo begani.

"Inuka mwanangu, maji tayari."

"Maji ya nini?"

"Ya kukukanda."

Nilimjia juu kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwa mama yangu. Nilimwambia anayekandwa ni mzazi. Nikamwambia akakande wenye watoto.

"Na wewe ni mzazi," akasema.

"Mzazi wa nani? Nionyeshe. Nionyeshe yuko wapi, nikandwe."

Mama alitoka taratibu, na baadaye nikasikia anamwaga yale maji kwenye migomba. Mimi nikaingia bafuni kwangu, nikajifungia, nikafungua shawa. Nilitaka lile joto lisilouliza maswali. Nilitaka kusimama peke yangu, bila mkono wa mtu, kama nilivyozoea.

Maji moto yalipogusa kifua, maziwa yakatoka. Yenyewe. Yalitiririka tumboni, mapajani, sakafuni, yakiingia kwenye tundu la maji machafu. Niliziba kwa viganja, yakapita katikati ya vidole. Nilifunga ile shawa, yakaendelea. Mwili wangu haukuwa umeambiwa. Watu wote Ruhuwiko walikuwa wanajua kwamba mtoto hayupo, isipokuwa matiti yangu. Nilikaa chini sakafuni nikapiga yowe, mume wangu akavunja komeo akaingia.

Tangu siku hiyo sijasimama chini ya shawa. Hiyo ndiyo sababu, enyi wenzangu wa sokoni, wala siyo hita.

Lakini kukandwa pia nilikataa. Mama alichemsha maji asubuhi, nikakataa, akayamwaga. Akachemsha jioni, nikakataa, akayamwaga. Hakunisema wala hakunibembeleza. Mimi nikawa najifuta kwa kitambaa na maji baridi. Kifua kikawa kigumu kama jiwe la kusagia, kiuno hakinyooki, homa ikanipanda nikaanza kutetemeka. Mume wangu akanirudisha hospitali, nikapewa dawa, homa ikashuka. Moyo ulibaki pale pale. Nilikuwa nimeamua kwamba nikikaa kwenye kile kigoda cha wazazi nitakuwa naigiza. Nikiinuka hapo, watu watanitazama mikononi.

Jioni moja mume wangu alikuja akakaa kando yangu.

"Mama hali chakula," akasema. "Anachemsha maji, anamwaga, anakaa jikoni. Mimi siwezi kumwambia kitu, ni mama mkwe. Nenda wewe. Hata kama hutaki, nenda kwa ajili yake."

Nikaenda, lakini kwa shari. Mama alikuwa amekaa uani mbele ya sufuria inayotoa moshi. Nikavua kanga ya juu, nikaketi kwenye kigoda, nikamwambia, "Haya, kanda. Kanda umalize hamu yako, urudi Madaba."

Alichovya taulo, akalikamua, akaliweka kiunoni mwangu na kukandamiza kwa uzito wake wote. Lilikuwa la moto, niliona nyota. Akahamia mgongoni, akahamia tumboni, pale palipokuwa pamelegea kama mfuko mtupu. Nilipoona mkono wake pale, hasira yote ikanijia mdomoni.

"Mnanikanda bure," nikasema. "Mmemfukia kama kitu, mkarudi nyumbani mkala. Hakuna hata mmoja wenu aliyemjua. Mmemfunga nguo mkamtupia udongo."

Taulo likasimama.

"Nilimwogesha," mama akasema.

Nikageuka kumtazama. Alikuwa anatazama sufuria, siyo mimi.

"Wakunga walitaka kunipa akiwa vilevile, amefungwa kitenge, na damu yake. Nikawaambia hapana. Nimetoka Madaba kuja kumwogesha huyu, siwezi kumpeleka hivi. Wakasema bibi, hapa hakuna maji moto. Nilikuwa na chupa ya chai, nilikuletea maji ya uji. Nikaomba karai, nikayamimina humo, nikachanganya na ya bomba. Nikajaribu kwa kiwiko kwanza, yalikuwa ya uvuguvugu, mazuri tu. Nikakaa chini nikamlaza mapajani."

Akaendelea, polepole, akikunja na kukunjua taulo.

"Ana nywele nyingi. Nyeusi, zimeshuka mpaka hapa shingoni. Miguu ya baba yake, mirefu. Sikio la kushoto limejikunja kidogo, nikalinyoosha, likajikunja tena. Paji la uso ni lako, siku ile ulipozaliwa ulikuwa hivyohivyo. Nikamwosha kila mahali. Nyuma ya masikio. Katikati ya vidole. Sikumsugua, nilimpitishia mkono tu. Nikampaka mafuta. Sikuwaacha waniharakishe."

Alisema "ana nywele," hakusema "alikuwa na." Nilisikia hilo, likaniingia kifuani. Mwanangu alikuwa ameogeshwa mara moja tu, na mtu aliyemjua. Nilitaka kuuliza mambo mia, nguo gani, mafuta gani, macho yalikuwaje. Lakini swali lililonitoka ni lile ambalo kila mama huuliza mtoto wake akiogeshwa na mtu mwingine, na lilitoka kabla sijalizuia.

"Alilia?"

Mama akaniangalia. Tangu msiba ule sikuwa nimemwona akitoa chozi, na sasa machozi yalikuwa yanamshuka bila kufutwa, yanaingia kwenye sufuria.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Alitulia tu."

Nikalia mimi. Nililia kwa sauti, pale uani, majirani wakisikia, na mama akachovya taulo kwenye maji, akalikamua, akaniambia, "Inua mkono, mzazi," nikainua.