Nani Atagawa Bui

Maziwa yanapokaribia kufurika, sufuria hutoa harufu ya pekee, tamu na yenye kuungua kidogo pembeni. Kila Jumamosi naikuta harufu hiyo katika hoteli moja ndogo hapa Mbarara, ninaposhuka kutoka Kakiika kuja kunywa chai. Huagiza chai ya maziwa yenye tangawizi na sahani ya katogo, ndizi zilizopikwa pamoja na matumbo ya ng'ombe mpaka mchuzi ukashika. Nakula taratibu, nikiwatazama watu wakipuliza vikombe vyao. Raha hii nilionjeshwa mara ya kwanza nikiwa na miaka tisa, siku niliyoumbuka mbele ya daktari.

Wakati huo tulikuwa tukiishi Juru, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, katika nyumba ya udongo iliyozungukwa na maharage. Tulikuwa watano: baba, mama, mimi, mdogo wangu wa kiume, na Tate, yaani bibi yangu mzaa baba. Baba alikuwa akiuza maharage soko la Rwekubo na alikuwa akiondoka na baiskeli kabla hatujaamka. Kwa hiyo asubuhi ilikuwa ya mama. Alikuwa akikoroga bui, ndivyo sisi wa Kivu ya Kusini tunavyouita uji, ya mahindi iliyochanganywa na mtama, na upawa wake ulipogonga ukingo wa chungu mara tatu tulijua tuje. Alikuwa akimgawia Tate kwanza, kwa heshima, kikombe kikubwa cha bati na kiazi kitamu kilichochemshwa, kisha sisi watoto, kisha yeye mwenyewe.

Tate alikuwa akikipokea kikombe kwa mikono miwili na kushukuru. Kisha alikuwa akitoka nacho nyuma ya nyumba, ati kuota jua. Huko nyuma ya nyumba ndiko nilikokuwa nikimfuata.

"Kunywa mbio," alikuwa akiniambia. "Mama yako asikuone. Mimi minashiba."

Nami sikuuliza ameshiba nini. Tumbo la mtoto halina kifuniko, alikuwa akisema mwenyewe, na langu lilithibitisha. Nilikunywa vikombe viwili vya bui kila asubuhi kwa miezi mingi, nikala na viazi viwili. Mashavu yangu yalijaa mpaka majirani wakawa wananifinya njiani kuelekea kanisani, na mama akawa anamshukuru Mungu hadharani kwamba mtoto wake anakua vizuri hata ugenini. Nilikuwa nikiitika amina kwa sauti kuliko wote.

Tate, kwa upande wake, alikuwa anakonda. Kitenge alichokizungusha mara moja kiunoni sasa alikizungusha mara mbili. Watu wazima waliona, wakasema ni uzee, ni huzuni ya nyumbani. Mimi peke yangu nilijua kwamba mzee huyu hali kitu asubuhi, na nilinyamaza, maana kusema kungenirudisha kwenye kikombe kimoja. Nawaambia ukweli huu kwa aibu.

Siku moja tukiwa shambani alianguka. Hakujikwaa, alikaa tu chini taratibu katikati ya maharage na asiweze kuinuka. Kesho yake mama alimpeleka Mbarara kwa daktari, na mimi nikachukuliwa kwa sababu nilikuwa nimejifunza Kinyankole shuleni. Nilijiona mtu mkubwa. Njia nzima nilikuwa nikifanya mazoezi ya maneno ya ugonjwa kimoyomoyo.

Daktari alikuwa mwanamume mpole mwenye miwani. Alimpima Tate, akamtazama ndani ya macho, akaniuliza kwa Kinyankole, "Asubuhi anakula nini?"

Nikamfasiria mama.

"Anakunywaka bui, kikombe muzima, kila siku," mama alijibu bila kusita. "Anakulaka na kiazi."

Nilimtazama Tate, naye akawa anaangalia dirishani. Mwishowe nikamwambia daktari, "Mama anasema anakunywa kikombe kizima."

Daktari akavua miwani. "Na wewe unasemaje?"

"Mimi ndiye ninayekunywa," nikasema, na machozi yakaanza.

"Anasema nini?" mama akauliza. Ndugu zangu, mfasiri ni mimi. Ilinibidi nirudie maungamo yangu mwenyewe, kwa lugha ya nyumbani, nikimtazama mama kifuani kwa sababu usoni sikuweza.

"Usimupige," Tate alisema upesi. "Ni mimi minamupaka kikombe yangu."

Mama hakunipiga. Daktari alitupa dawa, akaeleza kwamba zisimezwe tumboni mkiwa hamna kitu, kisha tukatoka. Nje mama alisimama kando ya barabara, akajifunga upya kitambaa cha kichwani, akasema, bila kumtazama yeyote, "Pengine bui yangu haimupendezi. Twende tujaribu ya batu bengine."

Tukaingia hoteli ya kwanza tuliyoiona. Mwenyewe alikuwa mama mnene wa Kinyankole, ana haraka, meza zote zimejaa. Hakutumiminia. Alileta jagi la maziwa ya moto na vikombe vitatu, akavipanga vyote mbele ya Tate, kwa kuwa ndiye mkubwa wa meza, na kumwambia kwa lugha yake, "Mama, wagawie watoto." Nilifungua mdomo nifasiri, lakini Tate alikuwa ameshaelewa. Lugha yake ya milimani kwao Kivu na ile ya watu wa Mbarara zimeshika maneno ya maziwa kwa namna moja.

Alilivuta jagi kwake. Kule milimani alikuwa na ng'ombe, na hakuna mtu nyumbani kwake aliyeyagusa maziwa ya asubuhi kabla yeye hajapima: ya wazee, ya wageni, ya watoto, ya paka. Sasa alimimina cha mama, akakisogeza. Akamimina changu, akatazama kama kimejaa, akaongeza tone. Akamimina chake. Alisubiri mpaka sote tumenywa kidogo, kisha akainua kikombe akanywa, akanywa, mpaka akakiinamisha na kuonyesha sakafu ya kikombe. Akaomba katogo. Alikula akiwa anatoa kasoro: ndizi hizi zimekatwa kubwa mno, chumvi imechelewa kutiwa. Mama alimtazama muda mrefu, kisha akajikuta anacheka.

Kesho yake asubuhi, Juru, mama aliipua chungu kama kawaida. Alisimama kidogo na upawa mkononi. Kisha akampa Tate, kwa mikono miwili.

"Mama," alisema, "mutugawie."

Tangu siku ile Tate alikuwa akigawa, na alikuwa akila. Nyama ilirudi mwilini, kitenge kikarudi mzunguko mmoja, na mimi nikarudi kwenye kikombe kimoja bila kulalamika. Aliishi miaka sita zaidi. Nilipokua nikaelewa kwamba hakuichukia bui. Kilichomkaba koo ni kupewa kikombe kama mtoto, asubuhi baada ya asubuhi, yeye aliyewalisha wengine maisha yake yote. Nilijivunia kulielewa jambo hilo, na nimelisimulia mara nyingi.

Mwaka jana mama alikuja kunitembelea Kakiika. Tulikuwa mezani, nikawasimulia watoto wangu kisa hiki chote, nao wakacheka sana pale penye daktari. Mama alingoja wamalize kucheka.

"Unasimuliaka vizuri," alisema. "Lakini kile chungu kilikuwa cha nani?"

Watoto wakanigeukia mimi.

"Kule kwetu tuliacha yote," akaendelea, bila uchungu, akipaka siagi mkate. "Nakivale kila kitu tulipangiwa na batu: fasi ya kulima, fasi ya kulala. Palibaki fasi moja tu nilikuwa nasema mimi, pale ku mafiga, asubuhi. Nikamupa. Alikuwa mama ya bwana wangu, na alikuwa anakufa."

Miaka sita, asubuhi zote zile, mama alikuwa akipika, kisha akikaa pamoja nasi watoto kwenye mkeka kungoja apewe. Nakumbuka mikono ya Tate, nakumbuka mvuke, nakumbuka hata upande ambao kikombe changu kilikuwa kimebonyea. Najaribu kukumbuka uso wa mama alipokuwa akipokea kikombe chake, na siuoni. Sikuwahi kuutazama.