Kijino, Umefunga Mlango?

Mtaani walimwita Redio, na hawakumsingizia. Fundi huyu wa cherehani akikupima kiuno, alikuwa ameshakusimulia harusi mbili na talaka moja kabla hajafika begani. Ndiyo maana watu walicheka waliposikia anajitolea kwenye kituo cha kuuguza wanyamapori, tena katika banda la kasuku, ambako sheria ya kwanza ni kufunga mdomo.

Sheria ile ilikuwa na maana yake. Kasuku wa pale walikuwa wamefugwa majumbani, na kabla ya kurudishwa msituni walitakiwa kusahau maneno ya watu. Kasuku anayeongea humfuata mtu, na mtu humrudisha tunduni. Basi wahudumu waliingia wamejifunga leso usoni, wakakata mapapai, wakafagia vinyesi, wakasemezana kwa vidole.

Kilichompeleka huko Redio hakumwambia mtu, yeye asiyejua kuficha kitu. Kasuku mmoja wa mle, wa kijivu mwenye mkia mwekundu, alikuwa wa marehemu mama yake. Wakati wa msiba, wageni wamejaa sebuleni, ndege yule alikohoa kikohozi cha marehemu, kilekile cha kuvuta mara mbili, kisha akaita: "Kijino! Umefunga mlango?" Kijino ni jina la utotoni la Redio, na aliyekuwa amebaki kulitumia ni mama peke yake. Shangazi mmoja alitoka mbio akaacha viatu, na mpaka leo hajavifuata. Kesho yake kaka mkubwa akalibeba tundu hadi kituoni. "Marehemu ameshazikwa," alisema. "Hawezi kuwa kaburini na sebuleni."

Nyumba ikawa kimya, na kimya kikamshinda Redio. Akaenda kituoni kuomba kazi isiyo na mshahara.

Asubuhi ya kwanza alikuwa ameinama akisugua chombo cha maji, mama akamwita nyuma yake.

"Kijino!"

Sasa niambie, mtoto aliyelelewa akaleleka, akiitwa na mama yake hufanya nini? Ulimi wa Redio haukuomba ruhusa.

"Abee, mama."

"Umefunga mlango?"

"Nimefunga, mama."

Akatazama huku na huku. Hakuna aliyesikia isipokuwa ndege wengine, waliotulia juu ya vijiti vyao, vichwa upande, kila mmoja akimkazia jicho moja.

Wakaendelea hivyo. Kila asubuhi aliingia wa kwanza, akaitwa, akaitika, kisha akarudi kwenye cherehani yake moyo umetulia. Wateja walishangaa Redio siku hizi imeishiwa betri.

Jioni moja, wakati wa kufunga, mlinzi alimfuata daktari wa kituo huku jasho likimtoka.

"Daktari, kuna mama humo bandani. Kaniuliza kama nimefunga mlango, nikamwambia nimefunga. Kumulika, hamna mtu! Halafu akaniuliza tena kutoka kona nyingine. Na nyingine. Daktari, wako wengi."

Kesho yake asubuhi daktari, mwanamke mpole wa maneno machache, alimvuta Redio kando, kwenye meza ya kukatia matunda.

"Dada, nani anawajibu?"

Machozi yakamtoka Redio. "Ni mama," alisema. "Mama akiita, ninyamaze vipi?"

"Sikulaumu, dada. Lakini wakiendelea hivi watazeekea humu. Ndege anayejibiwa hasahau. Alikuja mmoja na maneno hayo, sasa wanayajua wote. Ukitaka, pumzika nyumbani."

"Nimelikoroga mwenyewe," Redio alisema. "Acha nilinywe."

Tangu siku hiyo aliingia ameing'ata leso. Mama aliita kutoka pembe hii, akaita kutoka pembe ile. Kasuku walisogea hadi kwenye wavu kumtazama mdomo. Sauti ilianza kwa upole, ikawa kali, kama mama anayejua kwamba anasikika na anadharauliwa. Kisha asubuhi moja yule wa kijivu akaitoa nyembamba, ya kitandani: "Kijino, mbona huitiki?"

Maneno hayo Redio hakuwahi kuyasikia. Mama alikufa mchana, yeye akiwa kazini, na chumbani hapakuwa na mwingine ila ndege. Redio alipiga magoti kati ya maganda ya mapapai, akalia bila sauti. Na hakuitika.

Mvua zikaja, zikapita. Bandani ikabaki milio ya ndege tu. Daktari alisikiliza kwa muda mrefu kabla ya kuridhika.

Siku ya kuwaachia, waliwapeleka kwenye banda dogo ukingoni mwa msitu, wakavuta kamba, mlango ukafunguka. Kasuku walitoka mmoja mmoja, wa kijivu akawa wa mwisho. Redio alisimama, leso mdomoni, anafurahi na anaumia kama mtu anayemzika mama yake mara ya pili.

Banda likabaki tupu, mlango wazi. Ndipo juu ya miti, mbali, pakasikika kikohozi cha kuvuta mara mbili.

"Kijino! Umefunga mlango?"

Daktari alimshika mkono. Redio alibana midomo, hakutoa hata pumzi.

Kutoka mti mwingine akaisikia sauti yake mwenyewe ikiitika.

"Abee, mama. Nimefunga."