Bikoni Iliyochimbwa Ziwani

Kazi ya upimaji imenifundisha kumshuku mtu anayenipokea kwa madafu. Siku ile katika kijiji cha Ziwani nilikunywa mawili, kisha nikaenda kumshuku mtu mwingine.

Aliyenipa madafu alikuwa mzee anayegombea mpaka na mjane wa kaka yake. Kati yao palikuwa na mstari wa mikorosho tisa, na kwa mikorosho hiyo mama huyo mjane alikuwa akisomesha watoto. Mzee alinipeleka mwenyewe hadi kwenye bikoni, lile jiwe la zege la serikali. Nikasimika kipokezi cha setilaiti juu yake, nikaingiza namba za mahali pake nilizopewa ofisini, nikashika fimbo ya kupimia na kuanza kutembea mpakani.

Mama alinifuata unyounyo. Nikisimama, anasimama. Nikichomeka kigingi, anakitazama kama anayekariri mahali pake. Huyu, nikajisemea, nikigeuka tu kigingi kitahama. Skrini ikaonyesha mikorosho yote tisa iko upande wa shemeji yake.

"Baba mpimaji, jiwe hilo lilichimbwa," alisema. "Walikuja watu kutafuta rupia za Mjerumani, zile sarafu za zamani. Walipozikosa wakalirudisha hivi hivi tu."

Nilicheka. Hadithi za rupia chini ya bikoni nimezisikia tangu nilipokuwa napima kijiji cha Mtawanya, na kila asiyependa mpaka wake ana ya kwake.

"Mama, mashine haina shemeji," nikamjibu, na nikajiona nimesema.

Njiani kurudi mjini roho haikutulia. Kanuni ni kuhakiki kwa bikoni ya pili, nami niliiacha kwa uvivu kwa kuwa iko bondeni kwenye tope. Halafu, yule mzee alikuwa na haraka gani ya kunionyesha ile moja? Asubuhi yake nikaingia topeni hadi magotini. Vipimo vyangu vyote vilikuwa vimehama hatua sita. Nikaifukua pembeni bikoni ya kwanza: udongo ulikuwa laini hadi chini, umechanganyika na majani ya mkorosho.

Nilipima upya mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na mikorosho ikarudi kwa mama. Mzee aliapa kwamba hakujua lolote. Sikumwamini, na hadi leo simwamini.

Ikabaki mama kutia dole gumba kwenye fomu ya upimaji, ile ile niliyoanza nayo. Akaurudisha mkono wake nyuma.

"Nisomee kwanza. Yote."

Nikasoma hadi kwenye maelezo niliyoandika siku ya kwanza, nikataka kuyaruka.

"Mbona umenyamaza?"

Nikayasoma, watu wote wakisikia: mama si mwaminifu, huenda anahamisha alama.

Mama hakukasirika. Aliuliza tu, "Na pale nilipokwambia jiwe lilichimbwa, umeandika wapi?"

Nikaigeuza fomu, mbele na nyuma. Sikuwa nimeandika.