Kisanduku Kilichopigwa Msasa

Mtaani walimwita Fundi Msasa, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Maseremala wengine hulainisha pale mteja anapopaona. Yeye alipiga msasa hadi mgongo wa kabati, hadi chini ya droo, mahali ambapo mwenye nyumba hatatia mkono mpaka anaingia kaburini. Ukimchokoza kwamba anapoteza muda, alikuwa na jibu lake moja: "Kwenye kazi yangu, hata mende akipanda anateleza." Na kweli walikuwa wanateleza.

Kisha kiharusi kikamwangusha karakanani, randa ikiwa mkononi. Upande wa kulia ukafa ganzi, ulimi ukawa mzito. Mtu aliyebishana na wateja tangu asubuhi hadi jioni sasa alibaki na sauti moja tu, "aa", ya kuomba maji na ya kukataa chakula. Waliokuja kumjulia hali wakamwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ni rahisi kusema ukiwa na mikono yako miwili.

Raha iliyombakia ilikuwa nje ya dirisha. Kabla ya kuugua alikuwa ametengeneza visanduku viwili vya ndege kwa mabaki ya mbao, virefu, vyenye tundu la kuingilia juu kabisa, karibu na paa. Kimoja alikitundika mwenyewe kwenye ukuta wa bustani. Kingine kilibaki juu ya kabati. Ndege wawili wa kijivu wakahamia kile cha ukutani, wakataga, wakaangua. Kila asubuhi mkewe alimsogezea kiti dirishani. "Haya, Mzee, nenda kazini," alimtania. "Wapangaji wako wameshaamka." Naye alicheka kwa nusu ya mdomo, akakaa kutwa nzima kutazama mama akiingia na kiwavi na baba akitoka kutafuta kingine.

Asubuhi moja wazazi hawakuingia. Walitua juu ya ukuta, viwavi midomoni, wakawa wanaita. Fundi akaelewa: watoto wamekomaa, sasa chakula wakifuate nje. Akasubiri kichwa kidogo kichungulie. Hakikuchungulia. Dirisha lilikuwa wazi na kisanduku hakikuwa mbali, akasikia kucha zikikwaruza mbao, zikipanda kidogo, halafu puu, kimya. Kucha tena. Puu tena.

Moyo ukamlipuka. Alikuwa amepiga msasa ndani. Kuta zote nne, kwa karatasi laini kuliko zote, kisha akapaka na vanishi. Nani angetazama ndani ya nyumba ya ndege? Hakuna, lakini yeye ndiye Fundi Msasa. Akili nyingi huondoa maarifa. Mzazi hujirusha kwa mabawa, lakini kifaranga hutoka kwa kushika mikwaruzo ya ukuta kwa kucha, na yeye alikuwa ameifuta yote.

"Aa," akasema. "Aa. Aa."

Mkewe akaja na maji. Fundi akayasukuma kwa mkono wa kushoto, yakamwagika. Akanyoosha kidole nje.

"Nawaona, Mzee. Leo wanaimba kweli."

Akapiga kizingiti cha dirisha, akamvuta mkewe nguo, machozi yakamtoka. Mama wa watu akaogopa, maana daktari alishaonya mgonjwa asipandwe na hasira. "Jua limekuzidi," akasema, akageuza kiti kikaelekea ndani, akampangusa uso taratibu. Upole ule ndio uliommaliza. Ungemgombezaje mtu anayekupangusa machozi?

Akabaki anatazama kabati, masikio yakiwa bustanini. Kucha zilikwaruza mpaka giza likaingia. Kesho yake zilikwaruza mara mojamoja. Halafu hazikusikika tena.

Mkewe alipomrudisha dirishani alikuwa na uso wa furaha. "Umeona? Kimya. Watoto wamesharuka, wameenda zao, na wewe umekaa umenuna." Fundi akalia. Mkewe akamshika shavu. "Hata mimi nimefurahi, mume wangu."

Akapanda kwenye stuli, akakishusha kile kisanduku cha pili kutoka juu ya kabati. Akaingiza vidole kwenye tundu, akapapasa ndani, akatikisa kichwa kwa kuistaajabia kazi ya mumewe. "Laini kama shavu la mtoto," akasema, akatoka nacho na nyundo.

Fundi alisikia misumari ikiingia ukutani. Mkewe hajarudi hata mlangoni, wale ndege wawili wa kijivu wakatua kwenye paa jipya. Mmoja akachungulia tundu, akaingia.